Picha za jukwaani zinakufa zikifika kwenye jarida: kosa ni la nani?

Jicho_la_Ntinda
Wakuu, salamu. Usiku napiga picha za muziki, mchana napanga kurasa za jarida la mitindo hapa Kampala. Kazi zote mbili zinanilisha, ingawa hakuna hata moja inayonishibisha.

Toleo letu lililopita nilimweka mwimbaji mmoja kurasa mbili za kati. Kavaa koti la shanga, taa za buluu zinampiga kutoka nyuma, mkono uko hewani. Kwenye skrini ofisi nzima ilipiga makofi. Jarida liliporudi kutoka kiwanda cha uchapaji, buluu imekuwa zambarau iliyochoka, uso ni kiza kitupu, shanga hazihesabiki. Mhariri akaniuliza kama nilipiga kwa simu. Mwenye kiwanda anasema faili langu bovu.

Mimi nasema hivi: kosa ni la taa za LED wanazokodi mapromota. Hakuna wino duniani utakaochapa buluu ile. Anayebisha aje na hoja.

Fundi_Nasser
Nabisha, na nina haki ya kubisha maana niko Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, tangu enzi za pleti (bamba za kuchapia) za kuchoma kwa mkono. Nyie wasanifu mkikwama mnasingizia taa, mkikwamuliwa mnasingizia kiwanda.

Buluu ya skrini ni mwanga. Ya karatasi ni wino wa aina nne, samawati, magenta, njano na nyeusi, na hakuna hata mmoja ulio buluu kali kama ile. Kompyuta ikigeuza buluu kali ya RGB (rangi za mwanga wa skrini) kwenda CMYK (hizo wino nne) inarundika magenta juu ya samawati, ndiyo hiyo zambarau unayoililia. Ungegeuza mwenyewe mezani kwako ungeiona mapema. Halafu kuna jumla ya wino. Karatasi ya kung'aa ya gramu 130 inabeba kama asilimia 300 hivi kwa wino zote nne pamoja. Picha za matamasha zina giza nyuma ambalo mnaliacha lifike 360, 370. Wino haukauki, kurasa zinagandana, kisha mnarudi kupiga kelele.

Jicho_la_Ntinda
@Fundi_Nasser mzee, niligeuza mwenyewe. Na prufu, ile nakala ya majaribio ya kukagua rangi, niliomba. Nikaletewa karatasi iliyotoka kwenye printa ya leza ya ofisini kwao, ndiyo wakaiita prufu.

Fundi_Nasser
Hiyo siyo prufu, hiyo ni picha ya ukumbusho. Lakini ulisaini?

Jicho_la_Ntinda
Nilisaini.

Fundi_Nasser
Basi pole.

Dada_Lenzi
Mnapigania wino wakati picha ilishakufa kabla hujatoka pale mbele ya jukwaa. Taa ya rangi moja ikimwagwa usoni, chaneli moja ya kamera (kati ya nyekundu, kijani na buluu) inajaa pomoni na zile nyingine mbili zinabaki na njaa. Ukitazama histogramu ya jumla, ule mchoro wa mwanga kwenye kamera, utaona kila kitu kiko sawa. Fungua ile ya rangi tatu, utakuta buluu imegonga ukuta wa kulia, nyekundu haina kitu. Hapo mikunjo ya nguo na shanga haimo ndani ya faili, hata ukilipeleka kuchapwa Ujerumani.

Ninachofanya: napiga RAW tu (faili ghafi la kamera), na kwenye taa za buluu au nyekundu nashusha mwanga hatua moja chini ya kile kamera inachotaka. Nikiona haikombolewi, nageuza nyeusi na nyeupe kutoka kwenye chaneli yenye uhai. Wahariri wengi wanadhani ni sanaa.

Mkongo_wa_Katwe
Mimi ni mpiga gitaa, si mpiga picha. Nina swali moja kwa nyie wote: kwa nini mnatupigaka picha wakati mdomo uko wazi na macho yamefumba? Bendi nzima inakaa kama watu wanaumwa meno. Na kila mara ni mwimbaji, mwimbaji, mwimbaji. Mtu wa besi hana mama?

Dada_Lenzi
Mtu wa besi anasimama gizani kwa hiari yake, kaka. Mwambie asogee hatua mbili.

Mtu_wa_Taa
Nimeona naitwa bila kutajwa. Mimi hufunga taa za matamasha, Lugogo, Kololo, harusi, popote pesa ilipo.

Mwanzisha uzi ana nusu ya ukweli. Zile taa za zamani za balbu zilitoa mwanga mzima, ukiweka karatasi ya rangi mbele bado kulikuwa na kidogo cha kila kitu. LED za bei nafuu zina vijitaa vya nyekundu, kijani na buluu tu. Nikikuwekea buluu tupu, ngozi ya mtu na koti lake havina rangi nyingine ya kurudisha. Hivyo @Dada_Lenzi yuko sahihi, ila ile njaa ya chaneli inaanzia kwangu.

Tena hizo taa zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Nyie wenye kamera mpya mnaowasha shata ya kimya mnapata michirizi kama kitambaa cha kitenge halafu mnanitukana. Zimeni ukimya, tumieni shata ya kawaida, jaribuni kasi mbalimbali kabla umati haujaingia.

Na jambo moja linanishangaza miaka yote: hakuna mpiga picha anayekuja wakati wa kujaribu sauti. Njoo saa tisa alasiri, nisalimie, niambie "kaka, wimbo wa pili nipe taa nyeupe ya joto mbele." Nitakupa. Kitufe kipo. Mnakuja saa nne usiku mkiwa na beji shingoni, hamsalimii mtu.

Jicho_la_Ntinda
@Mtu_wa_Taa hilo sikulifikiria kabisa, asante. Ila beji yenyewe huwa tunapewa saa tatu na nusu getini baada ya kupigiana simu na watu watano.

Mzee_wa_Filamu
Vijana, mnazungumza kana kwamba uso mweusi kugeuka kiza kumeanza na LED. Sisi tuliopiga filamu tunajua. Maabara za Kodak zilikuwa na kadi za kupimia rangi zinazoitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi ni mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Filamu ilianza kurekebishwa walipolalamika wauza chokoleti na wauza samani, kwamba kahawia zao zote zinatoka sawa. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu!

Kwa hiyo mimi naona kosa liko ndani ya mashine yenyewe tangu ilipobuniwa. Mengine ni nyongeza.

Dada_Lenzi
Shikamoo mzee. Hiyo historia naikubali, ila kamera za leo zinaona vizuri kwenye giza. Tatizo ni kipimo cha kiotomatiki. Taa ikiwa nyuma ya msanii, kamera inaogopa ile taa na kumzamisha yeye. Taa ikiwa usoni na nyuma giza, kamera inalihurumia giza na kumuunguza uso. Ukipima doa moja, shavuni, yanaisha.

Mzee_wa_Filamu
Marahaba. Kamera inaona, lakini anayesafisha picha amejifunzia wapi? Kwenye video za watu wa nje, kwa ngozi za watu wa nje.

Fundi_Nasser
Hapo mzee amegusa. Naongeza la kiufundi: ngozi yetu ikigeuzwa CMYK kwa mipangilio ile iliyokuja na programu, inajazwa samawati na nyeusi mpaka mtu anakuwa kama kafunikwa na majivu. Mimi kwa wateja wangu naondoa samawati usoni, napunguza nyeusi, naacha magenta na njano zifanye kazi. Ukifanya hivyo skrini itakuonyesha uso mwekundu kidogo, usiogope. Karatasini unakaa sawa.

Mama_Kitambala
Nimesoma yote nikicheka. Nyote, wanaume kwa wanawake, mmeshika taa, wino na mashine. Hakuna aliyeuliza kama picha ile ilionyesha NGUO. Jarida ni la mitindo, jamani.

Mimi huvalisha wasanii. Nitawapa mfano mmoja. Msanii alipanda jukwaani kwa gomesi ya hariri, lile gauni refu la heshima la wanawake, tumeipiga pasi saa nzima, mabega yamesimama, kitambala, yaani mshipi wake wa kitambaa, kimefungwa chini kidogo ya kiuno, ncha zake zinaanguka mbele. Gomesi ina vifungo viwili, upande wa kushoto karibu na shingo. Wapiga picha wote walirundikana upande wa kulia wa msanii kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi karibu na spika, na wote wako chini wanatazama juu. Picha zilizotoka: kidevu, kipaza sauti, kwapa. Vifungo havipo, mabega yamekatwa, kitambala kimefichwa na spika ya msanii. Ungedhani kavaa shuka.

Picha ya tamasha inafuata sauti, ya mitindo inafuata mshono. Jicho_la_Ntinda una kazi mbili, lakini ukiwa uzioni mbele ya jukwaa unafanya moja tu.

Kijana_wa_Njeru
Mama Kitambala heshima kwako. Ila gomesi ni vazi la asili la Waganda tangu kale, halikubuniwa lipigwe picha na mashine za wazungu, labda ndiyo maana 😂

Mama_Kitambala
Mwanangu, hapana. Jina lenyewe ni la Gomes, fundi cherehani Mgoa (mtu wa Goa, India), na habari zake zinahusishwa na wasichana wa shule ya Gayaza, iliyoanzishwa 1905. Cha kale kweli ni lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, hicho ambacho UNESCO ilikitambua 2005. Kapige hicho kwenye taa ya buluu uone kama hakijageuka tope.

Kijana_wa_Njeru
Nimekaa chini, mama.

Basi niseme ninachokijua. Nimekulia karibu na Mto Nile. Tamasha la Nyege Nyege lilipoanza mwaka 2013 pale maporomoko ya Itanda, wapiga picha walikuwa wanapiga mchana, watu wamevaa vituko vya kila aina, jua limejaa, rangi zinatoka zenyewe. Kwa nini msipige mitindo ya tamasha mchana, usiku mkaachia muziki?

Mkongo_wa_Katwe
2015 ndugu yangu, na haikuanzia Itanda. Ilianzia Nile Discovery Beach, huko huko kwenu Njeru. Itanda ilikuwa 2022. Mtu wa Njeru anafundishwa Njeru na Mukongomani 😂😂

Kijana_wa_Njeru
Nilikuwa mdogo!

Dada_Lenzi
Lakini wazo lake lina maana. Saa kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu jioni pale mtoni mwanga unalala chini, unaingia chini ya kofia, unagusa ushanga. Baada ya hapo hapa kwetu giza linaanguka haraka, huna hata muda wa kubadili lenzi. Picha zangu nyingi zilizochapwa vizuri ni za foleni ya kuingia. Za jukwaani ni chache.

Bwana_Kurasa
Nimechelewa. Mimi napanga kurasa, nimepitia majarida ya harusi, ya mabenki, ya kanisa, yote. Nina maswali matatu kwa mwanzisha uzi. Picha ilikufikia kwa njia gani? Uliikata kiasi gani? Uso ulikaa wapi kwenye kurasa mbili?

Nauliza kwa sababu watu hutumiana picha kwa WhatsApp ya kawaida, inabanwa hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 2480 kwa 3508. Kurasa mbili zinataka karibu 5000 kwa upana. Ukivuta ile ya WhatsApp ijae pale, shanga zinageuka uji. Hapo usimlaumu Fundi wala Mtu wa Taa.

Jicho_la_Ntinda
Picha ni yangu, ilitoka kwenye kadi moja kwa moja, pikseli milioni 24. Nilikata kidogo pembeni kuondoa mkono wa mlinzi. Uso... uko karibu na katikati.

Bwana_Kurasa
"Karibu na katikati" maana yake kwenye mkunjo?

Jicho_la_Ntinda
Pua iko kwenye mkunjo.

Bwana_Kurasa
😂😂😂 Na jarida limebandikwa kwa gundi au limepigwa pini?

Jicho_la_Ntinda
Gundi.

Bwana_Kurasa
Basi gundi imemeza pua. Hapo hata taa iwe ya jua la Agosti, msomaji anaona mashavu mawili yanayotafutana.

Fundi_Nasser
Faili bovu. Nilisema mimi.

Mtu_wa_Taa
Pua kuingia kwenye gundi hakugeuzi buluu kuwa zambarau, mzee Fundi. Tusichanganye.

Wakili_Baridi
Habari za jioni. Mimi nauliza tu: mwimbaji aliridhia kuwekwa kwenye jarida? Na picha ni ya nani, yako au ya promota aliyekuita?

Jicho_la_Ntinda
Mimi ndiye niliyebonyeza, si yangu?

Wakili_Baridi
Siyo lazima. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya 2006, kazi uliyoagizwa na mtu, kama hamna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki inakwenda kwa aliyeagiza. Vivyo hivyo kwa mwajiriwa na mwajiri wake. Wewe unabaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye mpigaji. Ukiingia kwa tiketi yako na kamera yako bila kuagizwa, hiyo ni habari nyingine. Kuhusu sura ya msanii kutumika kuuza kitu, hilo linategemea ni habari au tangazo, na mahakama huangalia kila kesi kivyake.

Dada_Lenzi
Ndiyo maana siku hizi naandika mistari minne kwenye simu kabla sijatoka nyumbani: napiga nini, nalipwa kiasi gani, picha zitatumika wapi, jina langu litakaa wapi. Promota akijibu "sawa" nina karatasi yangu. Kuna mmoja, simtaji, alichukua picha zangu za tamasha akaziuzia kampuni ya vinywaji, nikaziona kwenye bango kubwa barabara ya kwenda Entebbe. Nilipopiga simu akaniambia nishukuru, nimepata jina. Jina gani? Halikuandikwa hata kwa herufi za chini.

Mkongo_wa_Katwe
Hata sisi wanatulipaka jina. Nina majina mengi kuliko nyuzi za gitaa.

Bwana_Kurasa
Na wakilipa pesa, wakala aliyeteuliwa na mamlaka ya mapato anakata asilimia 6 malipo yakizidi milioni moja. Milioni na nusu yako inafika ikiwa imepungua elfu tisini. Dai karatasi ya makato mpewe, itawasaidia mkifanya hesabu ya kodi. Wengi hawaiombi, pesa inapotea.

Kijana_wa_Njeru
Milioni na nusu ndiyo bei ya tamasha moja??

Dada_Lenzi
Ndoto njema, kijana.

Mzee_wa_Filamu
Turudi kwenye mada. Mimi bado nashikilia kwamba mnatafuta mwizi mmoja kwenye nyumba iliyoingiliwa na kumi. Ila nitasema jambo la kuudhi: huenda jarida lenyewe ndilo limekosea kutaka picha ile. Mbunifu wa mitindo Sylvia Owori alipotoa jarida la African Woman hapa, watu walinunua ili waone nguo waipeleke kwa fundi cherehani, akashone. Picha ya buluu yenye moshi inamwambia nini fundi cherehani?

Jicho_la_Ntinda
Mzee, siku hizi fundi anaonyeshwa nguo kwenye simu. Jarida lazima limpe msomaji kile ambacho simu haiwezi, ule ukubwa na ule moshi. Tukichapa picha za mtu kasimama mbele ya ukuta tu, tutashindana na Instagram na tutapigwa.

Mama_Kitambala
Ndiyo maana nakwambia umwombe msanii dakika tatu nyuma ya jukwaa kabla hajatokwa jasho. Pazia jeusi, taa moja ya mkononi, nguo nzima kuanzia bega hadi pindo. Hiyo weka ukurasa wa kulia. Ya moshi weka kushoto. Msomaji apate vyote.

Dada_Lenzi
Nyuma ya jukwaa gani mama? Kumbi nyingi hapa nyuma ya jukwaa ni hema, jenereta, na wajomba sita wa msanii wanakula.

Mama_Kitambala
Wajomba wanajua kushika taa. Nimewashikisha.

Fundi_Nasser
Natoa ofa. Jicho, lete faili lile lile. Nitalichapa mara tatu kwenye mabaki ya karatasi: kama lilivyo, likiwa limegeuzwa na mimi, na likiwa limesafishwa na Dada Lenzi kutoka RAW. Tuone nani anasema uongo. Ila uje na flashi safi. Ya mwisho uliyoniletea iliingiza virusi kwenye mashine zote mbili.

Mtu_wa_Taa
Na ya nne, aliyopigiwa taa nyeupe. Jumamosi nafunga taa Ntinda, kwenye ukumbi wa Ndere. Njoo saa tisa.

Jicho_la_Ntinda
Nitakuja zote mbili. Lakini hata zikitoka vizuri, buluu ndiyo ilikuwa roho ya usiku ule. Mkinipa taa nyeupe nitakuwa nimepiga usiku mwingine.

Dada_Lenzi
Umeanza tena.

Bwana_Kurasa
Mweleze Fundi akuwekee wino wa tano wa buluu maalumu, uone bei itakavyomaliza huo ubishi.

Fundi_Nasser
Upo. Pleti ya ziada, kuosha mashine, na kiasi kisichopungua nakala elfu moja. Mhariri wako ana moyo?

Jicho_la_Ntinda
Mhariri wangu amesema toleo lijalo jalada ni bibi harusi kwenye bustani.

Mkongo_wa_Katwe
Pamoja na mtu wa besi.

Kijana_wa_Njeru
Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Nimenunua lenzi ya mitumba ya milimita 50, ndani kuna kitu kama utando wa buibui. Muuzaji aliniambia ni vumbi.

Dada_Lenzi
Huo ni ukungu. Unapenda unyevu, na nyie mko kando ya ziwa na mto. Usiiweke mfuko mmoja na lenzi nyingine, iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu. Haitapona, lakini haitaenea. Ulinunua bei gani?

Kijana_wa_Njeru
Naomba nisiseme.

Mzee_wa_Filamu
Nipigie picha ya huo utando nione umefika kioo cha ngapi. Ukiwa kioo cha mbele tu kuna namna. Na usiifungue mwenyewe na bisibisi ya redio.

Kijana_wa_Njeru
Nimeshaifungua, mzee. Kuna springi imeruka chini ya kitanda.